Uniulize Tena Mwezi wa Kumi

Ziwa Nzilo halina mnara wa taa, wala halijawahi kuuhitaji. Hakuna meli inayopita hapa. Kuna mitumbwi ya wavuvi, kuna boti chache za watu wa mjini wanaokuja kupumzika Jumapili, na kuna bwawa la zege lililouziba mto Lualaba pale unapoingia kwenye magenge, kaskazini mwa mji wa Kolwezi, Kongo. Ukitaka bahari, iwe Atlantiki au Hindi, utasafiri zaidi ya kilomita elfu moja.

Hata hivyo ni mnara wa taa uliomleta binti wa kaka yangu nyumbani kwangu mwaka 2025, simu mkononi. Alinionyesha video. Kijana amevaa suti, amepiga goti moja chini ya mnara mweupe ufukweni, ameshika pete. Msichana ameziba mdomo kwa mikono miwili. Marafiki wanaruka kutoka nyuma ya mawe wakipiga vigelegele, na maelfu ya watu wasiowafahamu wamewawekea mioyo myekundu chini ya picha.

"Shangazi," akasema, "kijana wangu anataka kunifanyia hivi Nzilo. Juu ya bwawa, jioni, taa zikiwaka. Hajui kama ninajua, rafiki yake ndiye ameniambia. Wewe ulizaliwa kambini, unafahamiana na walinzi. Tusaidie."

Nilimjibu kwanza lile jambo dogo. Bwawa si uwanja wa starehe. Linalindwa, na katika nchi yetu mtu anayeelekeza kamera kwenye bwawa, daraja au kituo cha umeme anajitafutia matatizo hata kama ana pete mfukoni. Jambo kubwa lilinichukua jioni nzima kulieleza, na alipoondoka nikaona bado sijalisema lote.

Sidharau minara ya taa. Mimi ni muuza vitenge, na kazi hiyo imenipeleka Dar es Salaam, Kariakoo, kununua mali. Katika safari moja nilivuka hadi Unguja kwa boti, na abiria mwenzangu, mzee wa Mji Mkongwe, akanionyesha mnara wa Chumbe uliosimama juu ya kisiwa cha matumbawe. Waingereza waliujenga mwaka 1904. Nikamwambia ni vizuri walivyofikiria kuwakaribisha wasafiri kwa taa. Mzee akanisahihisha kwa upole: taa ile imewekwa kwa sababu ya miamba. Nahodha akiiona usiku anajua upande asioruhusiwa kuelekea. Tangu siku ile nawaelewa vizuri zaidi vijana wanaoposana chini ya minara. Wamechagua, hata kama hawajui, mahali ambapo hatari imewekewa alama.

Kinachonisumbua ni wale marafiki nyuma ya mawe. Msichana anaulizwa swali zito kuliko yote atakayoulizwa maishani, na watu wameshakaa tayari kulishangilia jibu moja tu. Nani atasema "sijui" mbele ya simu zilizoinuliwa? Nani atasema "nipe muda"?

Mimi niliomba muda, na niliuomba juu ya bwawa lile lile.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa zamu katika kituo cha umeme cha Nzilo. Kituo kina mashine nne, na zote zikizunguka pamoja zinatoa megawati 108. Kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950, enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, kikiwa na jina la Delcommune, yule Mbelgiji ambaye msafara wake ulifika Bunkeya kwa Mwami Msiri mwaka 1891 kabla ya kupita huku kwenye Lualaba. Katika miaka ya 1970, Mobutu alipofuta majina ya wakoloni, ziwa na bwawa vikachukua jina la mahali penyewe, Nzilo. Umeme wake tangu mwanzo ulikusudiwa migodi na viwanda vya shaba. Sisi watoto wa kambi tulikuwa na taa kwa sababu baba zetu walizihudumia mashine. Ng'ambo ya ziwa, kwa wavuvi, kulikuwa giza, na usiku tuliona vimulimuli vya mitumbwi yao tu.

Kila zamu Baba alisoma kipimo cha maji, ile milia iliyochorwa kwa mita na sentimita, akaandika kwenye daftari. Jioni tukikaa kula bukari, ugali wetu, na samaki, Mama aliuliza, "Ziwa je?" naye akajibu kama mtu aliyeulizwa hali ya ndugu aliye hospitali: limeshuka kidogo, limetulia, linapanda. Nilikuwa mkubwa kabla ya kugundua kwamba katika nyumba nyingine watu hula bila kuulizana habari za maji.

Yafaa nieleze kazi ya ziwa hili, kwa sababu mengi niliyonayo ya kusema yametoka humo. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kukoma Aprili. Mto unajaa hasa Machi na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi, kama miezi sita bila tone. Lakini mashine hazina kiangazi. Kiwanda cha shaba kinachotaka umeme Machi kinautaka Septemba vile vile. Kwa hiyo kilichohifadhiwa wakati wa mvua kinatolewa kidogo kidogo wakati wa ukame, na ziwa linashuka, linashuka, hadi kingo zinabaki wazi, mawe na udongo mwekundu uliopasuka, na wavuvi wanaburuta mitumbwi mbali kuyafuata maji. Na maji yakitoka Nzilo hayajamaliza kazi. Yanateremka na mto hadi Nseke, kituo kikubwa zaidi, chenye megawati 248, yanazungusha mashine tena. Mtu wa Nzilo akikosea hesabu mwezi wa Mei, mtu wa Nseke ndiye atakayelia Oktoba.

Baba hakuwa mtu wa mawaidha. Ila kulikuwa na jambo moja lililomuudhi: wageni. Walikuja Aprili, mvua ikiwa imeisha na barabara imekauka, wakasimama juu ya bwawa, wakatazama maji yaliyojaa hadi kwenye majani, wakasema ziwa zuri namna hii halijapata kutokea. "Hawajaliona," Baba alituambia wakishaondoka. "Waje mwezi wa kumi."

Mume wangu alikuja Aprili.

Ilikuwa 2008. Anayekumbuka Kolwezi ya mwaka ule anakumbuka mji uliokuwa ukichemka. Tani moja ya shaba iliuzwa zaidi ya dola 8,000 katika soko la London. Malori yalipanga foleni kuelekea Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Viwanda vidogo vya kuyeyushia vilichipuka kando ya barabara, vijana waliokuwa wakichimba kwa mikono walinunua pikipiki, na kila Jumamosi misafara ya arusi ilipiga honi kutoka Manika hadi Dilala. Yeye alikuwa fundi wa malori katika kampuni moja ya usafirishaji. Alikuwa na simu mbili, kama walivyokuwa nazo watu wote wenye mambo, na viatu vipya. Tulikuwa tumefahamiana tangu mwaka uliotangulia, kwa njia ya kanisa.

Tulitembea hadi juu ya bwawa, nikamwonyesha mahali nilipochezea utotoni. Maji yalikuwa juu. Hakupiga goti, na sikutegemea afanye hivyo. Kwetu huku kupiga magoti ni jambo zito na lina watu wake: binti kwa baba, mke kwa wakwe, mdogo kwa mkubwa. Mwanamume anayepiga goti mbele ya msichana wakiwa wawili tu angewafanya wazee wa enzi zile waulize ni kosa gani amefanya. Alisimama wima, akatazama maji badala ya kunitazama, akasema:

"Mi nataka kukuoa. Unasema nini?"

Nilimpenda. Naandika hili waziwazi kwa sababu watu wakisikia nilimwambia angoje wanadhani sikuwa na hakika na moyo wangu. Moyo wangu nilikuwa na hakika nao. Sikuwa na hakika na Aprili. Nilikuwa nimehudhuria arusi nyingi za shaba mwaka ule, nimewaona mabwana arusi waliomwaga dola ukumbini, na nilijua kwamba nilimfahamu mtu huyu wakati mfuko wake umejaa tu. Yeye pia alinifahamu mimi nikiwa binti wa nyumba yenye mshahara na umeme.

"Uniulize tena mwezi wa kumi," nikamwambia, "wakati maji yatapunguka."

Hakucheka. Akauliza kwa nini mwezi wa kumi. Nikamwonyesha ile milia ya kipimo, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza hadi mwisho, kama fundi anavyosikiliza, akauliza maji hushuka mita ngapi, akarudi mjini bila jibu.

Tuliendelea kuonana. Sikumfanya mgeni, na sikumwekea mtego wowote. Nataka wasichana wanaosoma wanielewe hapa, kwa maana kuna watu wanaowajaribu wenzao kwa hila, wanajifanya wagonjwa au wanatuma rafiki kumtongoza mchumba waone kama ataanguka. Hilo ni dharau. Nilichoomba ni muda tu, na muda ule ulinipima na mimi.

Kilichotokea baadaye mwaka ule hakuna aliyekitabiri kule kwetu. Mabenki yalianguka Marekani na Ulaya, viwanda vikapunguza kununua, na shaba ikaporomoka. Kufikia Desemba tani moja ilikuwa chini ya dola 3,000. Vile viwanda vidogo vya kando ya barabara vilizimwa moto kimoja baada ya kingine. Wenye navyo wengine waliondoka bila kuaga. Malori yaliegeshwa. Oktoba ilipofika, Kolwezi ilikuwa mji mwingine, na yeye hakuja.

Hakuja wiki ya kwanza, hakuja mwisho wa mwezi. Simu zake zote mbili hazikupatikana. Mama alianza kuniuliza kwa njia za pembeni. Baba hakuuliza chochote. Alitaja tu kimo cha ziwa mezani. Mimi nilikuwa na hasira, tena nyingi, na katikati ya hasira ile nikagundua jambo ambalo juu ya bwawa nisingeweza kuligundua. Nilikuwa nikiwaza alipolala na kama amekula. Kampuni yake nilishasikia imefunga. Suala la kuishi na mtu asiye na kazi nilikuwa nimeshalipitia kichwani usiku, kwa hesabu kabisa, nauli, kodi, unga, na nilikuwa nimefika upande wa pili bila mtu kunishawishi.

Alikuja Novemba, mvua za kwanza zimeshanyesha. Ziwa huwa bado chini wakati huo. Ardhi hunywa kwanza, mto huitikia baadaye. Alishuka kwenye pikipiki ya kulipia njia panda, akamalizia kwa miguu. Viatu vilikuwa vile vile, soli zimeliwa upande. Hakutaka tuingie ndani kwanza.

"Mwezi wa kumi ulipita," akasema. "Niliona haya."

Akaniambia yote. Kazi imekwisha. Simu moja ameiuza, nyingine ina laini mpya. Anadaiwa na rafiki, akanitajia kiasi. Amepata kona chini ya mwembe, anatengeneza magari na mashine za kusaga mahindi, siku nyingine anapata kitu, siku nyingine hapati. Alipomaliza akasema, "Mi niko hivi sasa. Unasema nini?"

Nikamwambia aende akazungumze na Baba.

Nimeolewa na mtu huyu miaka mingi sasa, na tumepita Oktoba nyingine za aina nyingi, za fedha, za ugonjwa, za kumzika mzazi. Aliwahi kuniambia kwamba kungojeshwa kule kulimuuma, kwamba alijihisi amewekwa kwenye mizani. Namheshimu kwa kuniambia. Lakini najua pia kwamba siku aliyonitajia deni lake, senti kwa senti, kabla sijamuuliza, alinipa kitu ambacho Aprili hakuwa nacho cha kunipa. Aprili alikuwa na viatu.

Basi wakaja watu wake: mjomba wake kama msemaji, wazee wawili, na shangazi yake. Walichutama mlangoni wakapiga makofi ya heshima, vile wanavyofanya watu wa kwetu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito. Wakapewa viti na maji ya kunywa. Orodha ya mahari ilisomwa. Ilikuwa ya kawaida: suti ya baba, vitenge vya mama, mbuzi, gunia la chumvi, jembe, baiskeli ya mjomba, bahasha. Na mwishoni, kandili.

Msemaji wao alidhani amesikia vibaya. Nyumba ya mtu wa umeme, balbu inawaka hadi kwenye banda la kuku, inadai kandili? Baba akaeleza. Laini hukatika. Radi zetu hupiga nguzo kuanzia mvua ya kwanza hadi ya mwisho, na mashine zikisimama usiku, kambi nzima huwa giza, na anayetakiwa kwenda kuziwasha anatembea na kandili. Mzee aliyemfundisha kazi alimkabidhi kandili kwanza, daftari likafuata. Alitaka binti yake awe na kitu cha kutoa mwanga bila kutegemea bwawa.

Kulikuwa na mjomba upande wetu aliyetaka bahasha iongezwe kwa sababu nimesoma. Watu wale walikuwa na mbuzi mmoja na nusu ya fedha, na kila mtu pale uani alijua bei ya shaba. Ndipo Baba, mtu wa maneno machache, akataja sheria. Sheria ya familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, inasema mahari ni lazima, wazazi wa binti wapewe, lakini inatosha sehemu yake iwe imetolewa, na yaweza kuwa ya ishara tu. Mjomba akanyamaza, ingawa hakuridhika.

Kisha nikaitwa. Mtu ninayemkumbuka zaidi siku ile ni shangazi yangu, dada wa Baba. Akasimama kati yangu na wazee, akanielekeza uso. "Unawafahamu watu hawa?" Ndiyo. "Wameleta mbuzi. Tukimla, hatutamtapika. Tumle?" Akauliza mara ya kwanza, akangoja. Mara ya pili, akangoja zaidi. Mara ya tatu akanitazama kwa namna iliyoniambia kwamba hata sasa, mbuzi akiwa amefungwa pale kwenye mpera na wageni wameshakunywa maji, neno "hapana" lina nafasi yake na yeye atalilinda. Nikasema tumle. Nikapiga magoti mbele ya Baba, nikamkabidhi bahasha.

Vijana wetu wanauona mwendo huu kuwa mrefu na wa kuchosha, kubisha hodi leo, kurudi kesho kutwa, orodha, majibizano, maswali matatu. Mimi nauona umejengwa na watu waliojua kitu kuhusu maswali. Ulimpa msichana nafasi ya kugeuka katika kila hatua, na ukampa mwanamke mmoja mwenye umri, asiye mama yake, kazi ya kulinda nafasi hiyo. Sisemi ulitumika hivyo kila mahali. Mabinti wangapi waliulizwa mara tatu huku jibu limeshapangwa na baba zao! Shangazi asiyengoja jibu hana kazi pale uani. Nasema kwamba chombo kilikuwepo, na tunakitupa kwa ajili ya video ya nusu dakika.

Tunakitupa pia kwa ajili ya fedha, na hapa lazima nizungumzie shaba tena, maana kwetu ndoa na shaba ni ndugu wa siku nyingi. Msiri mwenyewe, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyetawala Garenganze hadi alipouawa Desemba 1891, aliimarisha njia zake za biashara kwa ndoa, na mmoja wa wakeze, Maria de Fonseca, alitoka upande wa Angola. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ikagundua kwamba mfanyakazi mwenye mke hatoroki kazi, ikaanza kuwasaidia vijana wake kulipa mahari na kuleta wake zao makambini. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kwa kina juu ya familia hizo za wafanyakazi na jinsi kampuni ilivyokuja kuwa baba na mama kwao. Babu na bibi yangu walioana katika dunia hiyo. Tangu hapo mahari ya Katanga imekuwa na upande mmoja kwa mshenga na upande mwingine kwa mhasibu.

Leo upande wa mhasibu umekuwa mkubwa mno. Mwanzoni mwa 2018 kobalti ilipopita dola 90,000 kwa tani, orodha za Kolwezi zilianza kuwa na vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia utotoni: jenereta, friji, televisheni ya ukutani, hata saruji. Kobalti ilishuka mwaka uliofuata, orodha hazikushuka. Mbunge mmoja alipeleka Kinshasa pendekezo la kuweka kikomo, dola 500 mjini na dola 200 vijijini, na watu walibishana sana. Mimi sikubishana. Sheria ya 1987 yenyewe ilishasema kiwango cha juu kitapangwa kwa kila mkoa, na kwenye nyua nilizokaa sijawahi kuona mtu akikiuliza. Kinachonichoma ni mpangilio. Siku hizi orodha inatumwa kwa simu kwa upande wa kijana kabla binti hajaulizwa mara moja, sembuse tatu. Kijana anakopa, anauza kiwanja, na akifika uani ameshalipa kiasi ambacho hakuna binti mwenye huruma atathubutu kukirudisha. Kamera kule kwenye mnara na bahasha huku uani zinafanya kazi moja.

Hayo ndiyo niliyomwambia binti wa kaka yangu, si kwa mpangilio huu. Alisikiliza, akanibishia pia. Aliniambia kwamba yeye hahitaji Oktoba kumjua mtu, kwamba kijana wake amemwona akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Aliniambia kwamba kupigiwa goti si upuuzi kwa msichana aliyekua akiona wanawake peke yao wakipiga magoti. Hilo lilinigusa, na bado linanigusa. Sina jibu lake.

Kijana hakuja na kamera. Alimuuliza kando ya ziwa, kwenye kijiji cha wavuvi, wakinunua samaki. Binti hakuniambia alijibu nini. Miezi michache baadaye watu wa kijana wakaja kwa kaka yangu, wakapiga makofi, wakakaa. Safari hii shangazi ni mimi.

Orodha iliposomwa ilikuwa na jenereta. Niliomba itolewe. Kaka yangu akasema umeme wa mtaani kwake haufiki siku mbili kwa wiki, aombe nini, kandili? Watu wakacheka, mimi sikucheka, na nikasema ndiyo, kandili. Kijana anafanya kazi na wasafirishaji wa madini, na tangu serikali ilipozuia kobalti kutoka nje ya nchi, Februari 2025, malori yao yalikuwa yameegeshwa. Kila mtu uani alilijua hilo, na hakuna aliyelitaja mpaka nilipolitaja mimi.

Nikamwita binti. Nikauliza mara ya kwanza, nikangoja. Badala ya kujibu akaomba ruhusa ya wazee amuulize kijana maneno matatu. Mjomba wa kijana alikunja uso, lakini mzee wao mkubwa akaitikia. Binti akauliza kama atamaliza masomo yake Kolwezi hata kazi ya mume ikihamia Kasumbalesa. Kijana akasema ndiyo. Akauliza deni la mahari litakuwa la nani baada ya arusi. Kijana akatazama chini, kisha akasema litakuwa lake, si la nyumba yao. Akauliza mama yake kijana ataishi na nani. Hapo kijana akasema ukweli kwamba hawajalizungumza, na angependa kulizungumza na ndugu zake kwanza.

Sikuuliza mara ya pili. Niliwaambia wazee kwamba swali letu litabaki mahali lilipo hadi lile la binti lipate jibu. Mjomba wa kijana akauliza kama hiyo ni "hapana." Binti mwenyewe akamjibu, kwa heshima, kwamba si hapana. Tukala bukari na kuku na mboga ya lengalenga, tukasindikizana hadi barabarani, wakarudi na mbuzi wao. Watakuja tena mwezi wa nane. Jenereta bado iko kwenye orodha, na mimi na kaka yangu tutakaa chini tena kabla hawajafika.